Mwenyeji ni Nani? Diwali kutoka Forodhani hadi Leicester



Neno mwenyeji katika Kiswahili lina kazi mbili. Mwenyeji ni mtu wa mahali, aliyezaliwa hapo au aliyekaa hadi watu wakamzoea. Mwenyeji pia ni yule anayempokea mgeni na kumwambia karibu, keti, kula. Lugha nyingine tunazosoma hapa chuoni hutumia maneno mawili kwa mambo hayo mawili. Kiswahili kimeyapika katika chungu kimoja, kana kwamba huwezi kuwa mtu wa mahali mpaka uwe na mlango wa kumfungulia mwenzako.

Tumelitumia neno hilo kama taa ya kumulika historia ya sikukuu moja ya Kihindu, yaani Diwali, na watu wasio Wahindu waliokaribishwa kuisherehekea au walioishia kuitazama kutoka barazani. Wengi wetu katika chama hiki tumeijua Diwali kabla ya kufika Uingereza, ama Mombasa, ama Dar es Salaam, ama Maskati. Lakini kwa wengi wetu mara ya kwanza kuingia ndani ya nyumba ya Wahindu usiku huo ilikuwa hapa ugenini. Jambo hilo si dogo, na lina historia yake.

Kwanza tuweke majina sawa. Mitaani kwetu "Mhindi" ni kila mtu ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi, awe Bohora, Ismailia, Mgoa, Kalasinga au Baniani. Hapa tunawasema Wahindu, na hasa Wagujarati wa Kutch na Kathiawar, kwa kuwa ndio waliovuka bahari kuja kwetu kwa wingi na Diwali yao ndiyo tuliyoizoea. Huangukia usiku wa giza, mwezi ukiwa umekwisha kabisa, mwezi wa Oktoba au Novemba. Taa ndogo za udongo huwashwa mlangoni na madirishani. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya Rama, aliyerejea mjini kwake Ayodhya baada ya kukaa uhamishoni miaka 14, wenyeji wa mji wakamwashia taa. Wagujarati wana jambo jingine juu ya hilo. Kwao Diwali ni mwisho wa mwaka wa hesabu. Mfanyabiashara hufunga daftari la zamani, hulileta jipya mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wa neema na mali, na kuliombea. Kesho yake ni mwaka mpya.

Jambo hili la daftari tulishike vizuri. Mteja wa Kiafrika au wa Kiarabu aliyepewa ladu mbili kwenye kikaratasi siku ya Diwali alipewa na mtu ambaye huenda alikuwa ameandika jina lake humo, pamoja na deni lake. Utamu na hesabu vilikaa juu ya meza moja.

Tuanzie Maskati. Mwaka 1765 msafiri Carsten Niebuhr, aliyekuwa katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, alifika bandarini hapo na kukuta Mabaniani wapatao 1,200. Kwa hukumu yake hakukuwa na mji mwingine wa Kiislamu wenye Mabaniani wengi kiasi hicho. Aliandika kwamba waliachiwa kufuata sheria zao, kuweka sanamu zao majumbani na kuwachoma maiti wao. Wenzetu wenye jamaa Oman wanajua kwamba mahekalu ya Kihindu yangalipo Maskati hadi leo. Tunapenda kuusimulia uvumilivu huo kama tabia njema ya Waomani, na ni kweli ilikuwa njema, lakini tusisahau kwamba Baniani alikuwa mkopeshaji, wakala na mjuzi wa bei za Bombay. Mji uliishi kwa biashara. Kumfukuza kwa sababu ya sanamu zake kungekuwa kujikata mkono.

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia kiti chake Unguja, Mabaniani walikuwa naye. Tangu miaka ya 1830 nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa kabila la Bhatia kutoka Kutch, ilikodi forodha ya Unguja: ilimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kila mwaka, kisha ikakusanya ushuru kwa faida yake. Sultani mwenyewe alikuwa akikopa kwao. Tazama basi hali hii. Mgeni anamdai mwenyeji. Mgeni ndiye anayesimama forodhani kuhesabu kila pembe ya ndovu na kila gunia la karafuu linalopita. Huyo unamwitaje? Kwa adabu unamwita mgeni, lakini ukiwa na shida ya fedha ni wewe unayebisha hodi kwake.

Wahindu wa Unguja kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 hawakuja na wake zao. Waliishi wanaume watupu, wakakusanya mali, wakarudi kwao kuoa na kuzeeka. Tena walikuwa na miko ya chakula. Wengi hawakula nyama, na waliokuwa wakali zaidi hawakula kilichopikwa na mkono wa mtu asiye wa kabila lao. Sikukuu isiyo na mama wa nyumba, na yenye miko ya sahani, haiwezi kumkaribisha jirani mezani. Kilichoweza kuvuka kizingiti ni vitu vikavu na vitu vya kutazamwa: peremende, matunda, taa, na milio ya baruti.

Lugha yetu imehifadhi ushahidi wa mipaka hiyo. Angalia maneno tuliyopokea kutoka upande huo wa bahari. Pesa, hundi, laki, bepari: hayo ni ya kaunta na daftari. Ladu ni ya kikaratasi cha zawadi. Fataki, ambalo huhesabiwa miongoni mwa maneno yenye asili ya Kihindi, ni la mtoto aliyesimama njiani akaziba masikio huku akicheka. Tukitafuta maneno ya ndani kabisa ya nyumba ya Kihindu, ya sala zake, ya jamaa zake, ya chumba anachokaa mungu wa nyumba, mkononi hatuna kitu. Tuliyopata ni yale yaliyosikika kutoka nje.

Halafu ipo methali ambayo kila mmoja wetu aliisikia utotoni: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Walimu hutufafanulia kwamba hata usiyempenda anaweza kuwa na kitu cha kukufaa. Sisi tunaisoma pia kama hati ya kihistoria. Haikutungwa na watu wasiomjua Baniani. Imetungwa na watu waliokuwa karibu naye kiasi cha kujua viatu vyake, ambavyo huviacha mlangoni. Ni methali ya mtu aliyesimama pale pale mlangoni, anaona viatu, haoni sebule.

Bara mambo yalichukua sura nyingine. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, na wengi walirudi kwao. Waliowafuata kwa wingi ni wenye maduka, na hao ndio walioeneza Diwali hadi Jinja, Kisumu, Mwanza na Tabora. Sasa walikuja na familia. Yalijengwa mahekalu, shule na kumbi. Wakina mama walikaa siku nyingi kabla ya sikukuu wakikanda, wakikaanga na kumimina sharubati ya sukari. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na nyumba kamili ya kumkaribisha mgeni.

Lakini wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuchora mistari yake. Mzungu alikuwa na shule yake, hospitali yake na mtaa wake, Mhindi yake, na Mwafrika yake. Duka lilikuwa mahali pa kukutana, na lilikuwa na kaunta katikati. Mtu mweusi aliyeingia nyumba ya Mhindu siku ya Diwali mara nyingi aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa alikuwa mpishi, yaya au dobi. Siku hiyo kwake haikuwa ya mapumziko. Ilikuwa siku ya sufuria nyingi zaidi kuliko siku zote za mwaka. Huenda alijua kukunja unga wa vitumbua vile vya kujazwa kuliko wageni waliovila, lakini hakuna aliyemhesabu kuwa mgeni.

Tusiwabebeshe Wahindu lawama yote. Mistari ile haikuchorwa na wao, na katika miji midogo jirani alikuwa jirani. Wapo wazee wetu wanaokumbuka kupelekewa sinia la peremende kila mwaka, na wao wakapeleka mkate wa mofa na halua siku ya Idi. Hilo lilikuwapo na tunaliheshimu. Tunachosema ni kwamba sinia lilitembea zaidi kuliko watu. Hata sheria ya Kenya, inapoitaja Diwali kuwa siku ya mapumziko, inaitaja kwa ajili ya Wahindu. Wengine wanaamkia kazini kama kawaida.

Baada ya uhuru ulikuja wakati wa kuulizana uraia. Unguja, mapinduzi ya Januari 1964 yalitawanya familia nyingi. Kenya, sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wale ambao hawakuchukua uraia, na wengi wao walikuwa na pasi za Uingereza. Serikali ya London ilipoona wanakuja kwa maelfu ilipitisha sheria ya kuwazuia kwa haraka ya ajabu, siku chache tu mwanzoni mwa 1968. Kisha tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Wahindi wenye pasi za Uingereza waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Mwisho wake ulikuwa tarehe 8 Novemba.

Hapa ndipo Leicester inapoingia. Mji huu wa katikati ya Uingereza, uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya soksi, nguo na viatu, ulikuwa tayari na Wagujarati kadhaa, wengine kutoka Kenya. Halmashauri ya mji iliogopa kwamba wa Uganda nao wangewafuata ndugu zao. Tarehe 15 Septemba 1972 ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus. Maana yake ilikuwa hivi: nyumba zimejaa, shule zimejaa, huduma zimeelemewa, kwa faida yenu na ya familia zenu msije Leicester. Siku tatu baadaye ndege ya kwanza ya waliofukuzwa ilitua Stansted. Tume iliyoundwa na serikali kuwapokea ilikwisha kuigawa nchi katika maeneo mekundu ya kuepukwa na ya kijani ya kwenda, na Leicester ilikuwa nyekundu.

Tumewahi kuona mifano mingi ya kumnyima mtu ukaribisho, lakini huu ni wa pekee. Kwa kawaida mtu husubiri mgeni abishe hodi ndipo ajifanye hayupo. Hawa walisafirisha "hatupo" yao hadi Kampala.

Diwali ya mwaka huo iliangukia Jumapili, tarehe 5 Novemba, siku tatu kabla ya muda wa Amin kwisha. Watu wapatao 28,000 walikuja Uingereza kwa jumla, na wengi wao wakati huo walikuwa katika kambi za muda, hasa kambi za zamani za jeshi, kama Stradishall kule Suffolk na Greenham Common kule Berkshire. Ndugu msomaji aliyekaa hapa hata mwaka mmoja anaijua tarehe 5 Novemba. Ndiyo siku Waingereza wanapowasha mioto viwanjani na kurusha fataki angani, kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge. Kwa hiyo usiku ambao watu waliopoteza nyumba zao walitakiwa kuwasha taa za kumlaki aliyetoka uhamishoni, nchi nzima iliyowazunguka ilikuwa inawaka moto na kupiga baruti kwa sababu zake yenyewe, bila kuwafikiria. Hatuhitaji kuongeza neno.

Maelfu yao walikwenda Leicester hata hivyo. Tangazo liliwajulisha kwamba kuna mahali panapoitwa Leicester na kwamba wenzao wako huko tayari. Hivyo ndivyo wengi wao wanavyosimulia leo, kwa kicheko. Nyumba za safu za Belgrave zilikuwa za bei nafuu, maduka mengi ya barabara kuu yalikuwa matupu. Mapokezi hayakuwa ya asali. Mwezi wa Mei 1974 wafanyakazi wa kiwanda cha mashine za kuandikia cha Imperial, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki, waligoma kwa sababu ya malipo na ubaguzi, na chama cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono. Katika uchaguzi wa halmashauri wa mwaka 1976 chama cha National Front, kilichotaka wageni warudishwe makwao, kilipata kura zaidi ya 18 kwa kila 100 mjini hapo. Miaka hiyo Diwali ilikuwa ya ndani: chumba cha mbele, pazia limefungwa, ukumbi uliokodiwa, kanisa la zamani lililogeuzwa hekalu.

Mwaka 1983 ikatoka nje. Taa za Diwali zikaanza kuning'inizwa juu ya Belgrave Road kwa ushirikiano wa wafanyabiashara, jumuiya za Kihindu na halmashauri, ile ile iliyokuwa imelipia tangazo miaka 11 nyuma. Siku hizi taa hizo zinahesabiwa kuwa zaidi ya 6,000, na usiku wa kuziwasha huja makumi ya maelfu ya watu, Wahindu na wasio Wahindu. Mji unajivunia kwamba ni mojawapo ya Diwali kubwa kabisa nje ya India, na picha zake zimo katika kila kijitabu cha kuvutia watalii.

Nini kilibadilika? Wapo wanaosema Waingereza walijifunza kuvumiliana. Sisi tunaona kura na kodi vilifundisha zaidi. Viwanda vya soksi vilikuwa vikifungwa, na barabara iliyokuwa ikifa ilikuwa imefufuliwa na wauza sari, dhahabu na peremende. Wahindi walikuwa wamejiunga na vyama vya siasa na kuingia katika halmashauri yenyewe. Lakini hata hilo halielezi yote. Wangeweza kudai haki zao na kubaki na Diwali yao majumbani. Walichofanya ni kuitandika barabarani na kuualika mji. Ndipo Mwingereza wa Leicester, ambaye babu yake alizaliwa mtaa wa pili, akajikuta amesimama Belgrave Road na jalebi mkononi akisema asante. Amekuwa mgeni. Na aliyempa jalebi amekuwa mwenyeji, kwa maana zote mbili za Kiswahili, bila kuomba kibali cha mtu.

Mwaka jana chama chetu kilikodi basi dogo kwenda kuona. Baridi ilikuwa kali na umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba tulishikana mikono kama watoto wa chekechea. Tulikuwa tukizungumza Kiswahili kwa sauti, kama kawaida yetu, mzee mmoja akatusimamisha mbele ya duka.

"Nyinyi kutoka wapi? Kuja, kuja. Baridi mingi."

Mmoja wetu alimwamkia "Shikamoo mzee," naye akajibu "Mzuri, mzuri," akacheka. Alizaliwa Jinja. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani: nambari zote anazo, vitenzi vichache, na karibu vyote vya kuamrisha. Lete. Weka. Ngoja. Alitupeleka nyumbani kwake hatua chache kutoka barabarani, mkewe akatandika, na amri zikaendelea: keti, kula, chukua, ongeza. Kwenye meza, pamoja na barfi na chevda, kulikuwa na sahani ya muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Wao wanauita mogo, na wanao kwenye orodha za migahawa yao mji mzima. Mama huyo alipomwita mjukuu wake alete bakuli alisema "bakuli", na alipotaka kisu alisema "kisu", katikati ya Kigujarati kilichonyooka. Kijana yule, aliyezaliwa Leicester na hajui Afrika, alituambia alidhani siku zote kuwa hayo ni maneno ya Kigujarati.

Haya tunayaandika kwa furaha. Kumbe njia ilikuwa na pande mbili: sisi tulichukua pesa na fataki, wao walichukua sufuria, kisu, fagio na dudu. Lakini angalia tena ni maneno ya wapi. Ni ya jikoni. Ni maneno yaliyosemwa na mwajiri kwa mtumishi, na na mtumishi kwa mtoto aliyekuwa akimlea.

Mzee mwenyewe aliligusa jambo hilo, hatukumwuliza. Alikuwa akituhimiza kula, akasema, bila kututazama: "Kule Jinja, boi alikula nyuma. Jikoni. Sisi hapana fikiri." Mkewe akamwambia jambo kwa Kigujarati, akanyamaza. Kisha akamuuliza mwenzetu mmoja, ambaye wazazi wake ni wa Kampala, kama viboko bado wanapanda kutoka majini usiku kula nyasi za uwanja wa gofu wa Jinja. Mwenzetu hakujua, Jinja aliipita kwa basi tu. Alimwahidi kuuliza. Mzee akamwongezea muhogo.

Tumelijadili tukio hilo katika mikutano yetu miwili na hatukubaliani. Wengine wanasema sahani ile ilikuwa deni linalolipwa kwa kuchelewa, na kwamba ni rahisi kumketisha Mwafrika mezani ukiwa nchi ambayo wewe naye mmewahi kuitwa majina yale yale. Wengine, na mwandishi mkuu wa makala hii yumo humo, wanaona haki ya kukaribisha haikuwa mkononi mwake kule Jinja kwa namna tunayodhani. Alikuwa na nyumba na duka, lakini serikali ya kikoloni ilimweka katikati kama kaunta, na baada ya uhuru kila mwaka alikumbushwa kwamba yeye ni mpita njia. Mtu asiyejua kama atakuwapo mwakani hufunga mlango vizuri. Hilo halimsafishi. Wapo Wahindi waliofungua milango wakati ule ule, na wengine waliingia katika siasa za ukombozi bega kwa bega na Waafrika. Ila linaeleza kwa nini ilimlazimu mtu huyu kufukuzwa na kukataliwa na mji mzima kabla hajatandika sahani barabarani.

Serikali ya Uganda chini ya Museveni iliwaalika waliofukuzwa warudi, na tangu miaka ya 1990 wengi walirudishiwa majengo yao. Baadhi walirejea na wanafanya biashara Kampala leo. Wengi wa Leicester walikwenda, wakaona nyumba, wakapiga picha, wakarudi. Rama alirudi Ayodhya. Hawa walikuta Ayodhya imehamia Belgrave.

Hatupendi kumaliza kana kwamba Leicester ni pepo. Kati ya Agosti na Septemba 2022, baada ya mechi ya kriketi kati ya India na Pakistan, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walikabiliana mitaani mjini hapo kwa majuma kadhaa, na polisi walilazimika kuletwa kutoka mikoa mingine. Sensa ya 2021 inaonyesha kwamba hakuna dini yenye nusu ya watu wa mji: Wakristo ni karibu robo, Waislamu karibu robo, Wahindu 18 kwa kila 100, na wengi wengine hawana dini. Wamo Waislamu ambao wazee wao walitoka Uganda katika ndege zile zile za 1972, wakakaa kambi zile zile. Wengine wao walituambia kwamba tangu mwaka ule hawajashuka Belgrave Road usiku wa taa. Wengine wanakwenda kama kawaida na watoto wao, kwa sababu fataki ni fataki. Barabara iliyo wazi kwa wote bado ina watu wanaojiuliza kama mwaliko unawahusu.

Kwa wenzetu wa mwaka wa kwanza wanaotafuta mada ya insha ndefu: kazi iko hapa. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1972 sasa amepita 80. Wazee hawa wanazungumza Kiswahili ambacho hakimo katika kitabu chochote cha sarufi tunachosomeshwa, na wanakumbuka Diwali za Mbale, Soroti na Masaka nyumba kwa nyumba, nani alialikwa na nani alipelekewa sinia. Wapishi na yaya waliofanya kazi katika nyumba hizo nao wanazeeka, upande wa pili, na hao hakuna anayewauliza kabisa. Walimu wetu wamekubali kutuazima vinasa sauti viwili kwa muhula ujao. Basi litaondoka mbele ya maktaba saa nane mchana, siku ya kuwashwa taa. Anayetaka nafasi aandike jina kwa katibu. Mwenzetu wa Kampala amekwisha kupata jibu lake kutoka kwa shangazi yake aliye Jinja: viboko bado wanapanda.